Koti Nililokupimia kwa Jicho

Nyambura, mama,

Mama yako yuko kanisani kwenye mkutano wa akina mama, nawe umeenda Kileleshwa kuagana na shangazi yako. Nyumba imetulia. Nje kuna manyunyu haya ya Julai ambayo hayajaamua kama ni mvua au ni ukungu. Nimeketi kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, blanketi magotini, na tai shingoni. Cheka tu. Ni Jumapili mchana, siendi popote, simtarajii mgeni, na bado nimefunga tai.

Kesho asubuhi unapanda basi la Kitale, kisha uendelee hadi Lodwar. Mambo ya maji ya kuchemsha, neti ya mbu na kupiga simu ukifika, mama yako ameshayasema mara tatu na atayasema tena mkila. Mimi nitayapita. Nina jambo moja tu. Tangu siku ya lile koti, siku tisa sasa, mimi na wewe tumekuwa tukisalimiana kama wapangaji wa ploti moja. Umeamkaje, nimeamka salama, basi. Sitaki uondoke hivyo. Na kwa kuwa kila nikifungua mdomo kukuambia naishia kuzungumzia vifungo, nimeona heri niandike.

Wacha kwanza niyaseme yaliyotokea, maana huenda kila mmoja wetu anayakumbuka kwa namna yake.

Ulipopata kazi katika ile ofisi inayowatetea watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Miaka ishirini na minane nimewashonea mawakili suti katika kile chumba changu cha ghorofa ya pili pale mjini. Nimewaona wakija mara ya kwanza na shati la kuazima, na baada ya miaka michache wanaitwa waheshimiwa na wanapanda ngazi wakihema. Nikasema safari hii wakili ni wangu, ametoka nyumbani kwangu Uthiru. Nikanunua sufu nyeusi, nzito, ile ambayo ukiifinya kwenye kiganja inajinyoosha yenyewe ukiiachilia. Nikaweka bitana kamili, pedi za mabega, na kiuno nikakishika vizuri. Sikukuambia. Nilitaka siku moja uingie tu ulikute limening'inia.

Ukaingia, ukalikuta. Ulilivaa mbele ya kioo cha sebuleni, ukafunga kifungo, ukavuta pumzi. Nikakuuliza, "Umeona lilivyokaa?"

"Iko smati, Dadi," ukasema. Kisha ukajaribu kuinua mkono. "Lakini siwezi inua mkono."

"Wakili hainui mkono. Anasimama na kuongea."

"Na joto ya Lodwar je? Si nilikuambia nimeshanunua koti pale soko ya Toi? Nyepesi, nyeusi, inatosha kabisa."

"Mtumba," nikasema. "Mtoto wa fundi aende kortini na koti la mtu aliyekufa Ulaya."

Mama yako alikuwa pale kando akichambua sukuma wiki za kupeleka sokoni Kangemi kesho yake. Hakuinua kichwa. "Baba Nyambura, mtoto amesema inambana."

Ndipo nikasema lile neno. Nilisema haimbani, inamfundisha kusimama, au anataka kwenda kortini akiwa amevaa kama mchuuzi wa soko?

Mama yako aliendelea kuchambua mboga zake, jani moja moja, mboga zilizokulipia karo wakati cherehani yangu ilikuwa haipati kazi. Wewe ulivua koti polepole, ukalirudisha kwenye hanga, ukalinyoosha kola kama nilivyokufundisha ukiwa mdogo. Halafu ukaniuliza, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza:

"Kwani ulinipima lini, Dadi?"

Hukungoja nijibu, ukaingia chumbani kwako. Ukweli ni kwamba sikukupima. Katika daftari langu una ukurasa wako, lakini vipimo vilivyomo ni vya mwaka ulioingia kidato cha kwanza. Nilivichukua hivyo, nikaongeza hapa na pale kwa kukisia. Mafundi wa rika langu tunajisifu kwa jambo hili. Mteja akifika mlangoni, kabla hajakaa tumeshajua kiuno chake, na tunachukua tepu ili kumfurahisha tu. Nilijiambia, hawa wageni nawapima kwa jicho wala sikosei, sembuse mtoto niliyembeba mgongoni? Nikakosea kwapani, kifuani na mabegani. Ni kama nilimshonea mtu mwingine.

Ugonjwa huu haukuanzia kwako. Ulianza kabla sijawa na mtoto.

Siku ya ruracio, tulipokwenda Limuru kwa wazazi wa mama yako kuzungumza mambo ya mahari, ilikuwa Julai kama hii. Unaijua baridi ya Limuru mwezi huu, inaingia hadi kwenye meno. Mimi nilikuwa kijana, fundi mpya, nimejishonea suti ya kijivu ya kitambaa chepesi mno. Nilikuwa nimeiona gazetini imevaliwa na mtu aliyesimama kwenye jua, lakini jua lenyewe sikulitia maanani. Kaka yangu alinipa kabuti lake garini. Nikalikataa. Kabuti lingefunika kola, na kola ile nilikuwa nimeishona usiku tatu.

Tulikaa chini ya turubai uani. Baada ya nusu saa taya langu lilianza kugonga. Wazee wa upande wa mama yako wakauliza maswali yao ya kawaida, mimi nikawa najibu kwa vipande. Mzee mmoja akanitazama sana, akasema, "Huyu kijana anatetemeka nini? Kwani ana mke mwingine mahali?" Watu wakacheka. Mwenzake hakucheka. Alirudia swali lile kwa uzito wake, kisha akalirudia tena, na kila nilipojaribu kujibu kwamba sina, taya lilikataa. Nusura nimkose mama yako kwa sababu ya kola.

Aliyeniokoa ni shosho yako, mama ya mama yako. Alitoka jikoni na blanketi lililonuka moshi, akanifunika suti yote hadi shingoni, akanipigapiga mgongo kama mtoto anayetolewa hewa. "Sasa ongea," akasema. "Sauti yako ilikuwa imeganda." Nikaongea, mambo yakaenda. Lakini nikuambie la aibu: njiani kurudi sikuwa nikifikiria mke niliyempata. Nilikuwa nikinusa kola na kukasirika kwamba imeshika moshi. Mama yako mpaka leo huwaambia wageni kwamba yeye aliolewa na blanketi.

Ungedhani mtu hujifunza hapo hapo. Mimi nilichukua miaka mingine kumi na tano, na aliyenifundisha ni mteja.

Alikuwa hakimu, akikaa Lavington, sasa ni marehemu. Nilimshonea suti miaka kumi na moja. Alipanda ngazi zetu kila mwanzo wa mwaka, akasimama mbele ya kioo wima kama bendera, nikampima. Kiuno chake hakikubadilika hata mwaka mmoja. Nilikuwa nikimtaja kwa wateja wengine kama mfano wa mtu anayejitunza.

Kisha nyonga yake ikaharibika, akatuma gari linichukue. Nilipita lango, mlinzi akaniandika kwenye kitabu, mtunza bustani akanionyesha njia ya barazani. Nikamkuta mheshimiwa kwenye kiti cha miwaa, amevaa kikoi kilichochujuka na sweta iliyotoboka viwiko. Katika miaka kumi na moja sikuwahi kuona viwiko vyake. Nilishtuka, nikaangalia pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya.

"Fundi, leo sitasimama," akasema. "Nipime nikiwa nimekaa."

Nikapima. Tepu ikasoma inchi nne zaidi. Nikapima tena nikidhani imejipinda. Yeye akaanza kucheka hadi akashika nyonga.

"Hiyo ndiyo imekuwa siku zote," akasema. "Nikifika kortini, nikishakaa pale juu, kitu ya kwanza ni kuifungulia chini ya meza. Nimesikiza kesi miaka hiyo yote na suruali ikiwa wazi."

"Mbona hukuniambia, Mheshimiwa?"

"Ungeniuliza kama inabana, ningesema. Wewe ulikuwa unaniuliza, 'Umeona ilivyokaa?' Sasa mtu atajibu nini? Imekaa vizuri. Ni mimi nilikuwa siwezi kukaa."

Nilikataa gari, nikatembea kwa miguu hadi barabara kuu. Nilitaka kufikiri. Nilijiuliza wateja wangu hufanya nini katika nguo zangu. Wanaingia garini, wanainama kufunga kamba za viatu, wanakaa ofisini kutwa, wanamfikia mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Kusimama mbele ya kioo ni dakika mbili za siku, na mimi nilikuwa nimewashonea hizo dakika mbili. Tangu siku ile nikaweka kiti katikati ya chumba. Kila mteja nampima akiwa amesimama, kisha akae, kisha anyooshe mikono kama anayechukua kitu juu ya kabati. Mafundi wenzangu walinicheka, wakasema nimekuwa daktari wa mifupa. Lakini wateja waliongezeka, na walioondoka walirudi.

Ona basi. Kazini nilikwisha kujifunza. Nyumbani nilibaki vilevile.

Jumanne iliyopita, siku nne baada ya ugomvi wetu, nilikuwa kazini nangoja pasi ipate moto. Juu ya kioo pale kuna picha yako ya darasa la tatu, siku ya kutuzwa zawadi shuleni. Imekaa hapo miaka mingi. Kila mteja mpya huuliza huyu msichana ni nani, nami hujibu kifua mbele. Ni picha nzuri. Una lile gauni jeupe nililokushonea, la kitambaa kigumu kilichosimama chenyewe, lenye kola ya mikunjo kumi na sita. Watoto wengine wote wameketi kwenye nyasi wanakula mandazi. Wewe peke yako umesimama, andazi umelishika mbali na mwili. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiona mtoto aliyependeza hadi anajua amependeza. Nilidhani ni maringo, na maringo yako yalinifurahisha.

Siku hiyo, sijui ni pasi iliyochelewa au ni swali lako lililokuwa bado linanizunguka kichwani, nikaangalia miguu yako badala ya kola. Magoti yalikuwa yamekazwa. Jioni nikamuuliza mama yako.

"Kwani hukujua?" akasema. "Ulimwambia akikaa gauni itakunjika. Alisimama kutoka asubuhi mpaka saa tisa. Nilimkanda miguu na maji moto akilia."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana, Baba Nyambura. Ningekuambia ndio nini?"

Niliona aibu, mama. Sina neno la kuipamba. Hakimu alifungulia suruali yake chini ya meza miaka kumi na moja asinivunje moyo. Mtoto wa miaka minane alisimama kutwa. Mama yako alinyamaza kwa sababu nilikuwa na furaha. Watu wanaonipenda wamezoea kunificha panapobana. Wewe ndiye wa kwanza kunionyesha, na mimi nikakujibu kwa kumtukana mama yako.

Yeye nimeshamwomba radhi, Alhamisi. Nilijiandaa kwa maneno mengi. Nilipofika katikati akasema, "Nimesikia," akaniongezea chai. Sijui kama nimesamehewa au nimenyamazishwa. Baada ya miaka yote hii bado siwezi kutofautisha.

Nikuambie pia habari ya Mzee Shee, yule Mswahili wa Lamu anayeniuzia vitambaa pale Biashara Street. Unamkumbuka, alikuwa akikupa haluwa. Nilipokwenda kununua ile sufu aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya binti yangu, wakili, anakwenda Lodwar.

Akaondoa mkono kwenye sufu, akaniangalia juu ya miwani. "Lodwar? Nawe wamvika sufu? Fundi, joto halishindwi kwa ubishi. Hupewa njia likapita."

Nikamwambia korti si harusi ya pwani, ina heshima zake.

"Na mimi je, sina heshima?" akasema, akajigusa kanzu. Ilikuwa nyeupe, imenyooka kutoka bega hadi kisigino, hakuna mkunjo. "Sisi kwetu mtu hupendeza na ndani mna nafasi. Upepo waingia, watoka. Ukiona mtu ametota jasho shingoni, hata avae hariri, hajapendeza huyo."

Nikabisha, naye hakubishana zaidi. Alinikatia sufu, akaifunga, akanitakia heri. Ni mfanyabiashara. Lakini nilipokuwa natoka alitaka kunisindikiza, akavaa juu ya ile kanzu sweta ya rangi ya machungwa na juu yake jaketi kubwa la walinzi wa usiku. Nikamtania, nikamuuliza umaridadi wa Lamu umekwenda wapi. "Baridi ni ya Nairobi," akasema. "Aibu iwe yangu mimi?"

Nilicheka njia nzima hadi kituoni. Nilipofika nyumbani nikaikata sufu. Masikio yangu yalikuwa yamesikia, ila mkono ulikuwa umeshika mkasi.

Sasa kuna jambo unalopaswa kunisamehe. Juzi ulipokwenda kuchukua vyeti vyako mjini, niliingia chumbani kwako, nikafungua kabati na kulitoa lile koti la Toi. Nilikwenda kama mtu anayetafuta kosa. Mitumba, unajua, imewafungia kazi mafundi wengi katika mji huu, na mimi sijawahi kuleta hata soksi ya mtumba chini ya paa hili. Nililiweka mezani, nikawasha taa, nikaligeuza ndani nje.

Mama, yule aliyelishona alikuwa anajua kazi. Mbele limeshikwa, kola imekaa, ukilitazama kwa mbali ni koti la korti bila shaka yoyote. Lakini mgongoni halina bitana. Limeachwa wazi kutoka chini ya mabega hadi kiunoni, mishono yote imefungwa kwa utepe mwembamba ili isikwaruze ngozi. Bitana iko mikononi tu, ili mkono uteleze, na kifuani, mahali watu wanapotazama. Kwapani ameongeza kipande kidogo cha kitambaa, kimekatwa kama jani, ambacho huwezi kukiona mpaka uinue mkono. Nilikaa na kile kipande robo saa. Yule fundi, popote alipo, alimfikiria mtu atakayelivaa akiwa na joto, akiwa amechoka, akinyoosha mkono kuchukua faili. Hakuwahi kukuona, na alikushonea vizuri kuliko mimi.

Kifungo cha chini kilikuwa kimelegea. Nimekikaza, na cha juu nikakiwekea shingo ya uzi ili kisivute kitambaa. Mfuko wa kushoto ulikuwa na tundu, nimeliziba. Sikubadilisha kingine chochote, ingawa mkono uliniwasha. Hilo ndilo koti lako la kazi, livae. Siku utakayosimama mara ya kwanza mbele ya hakimu ukiwa nalo, mimi nitakuwa hapa nikijua kila mshono uliomo.

Lile koti jeusi la sufu nimelifumua. Nilianza Ijumaa, nimemaliza leo asubuhi badala ya kwenda kanisani. Kufumua kazi yako mwenyewe si jambo la raha. Uzi niliouvuta kwa nguvu kuushona niliuvuta kwa nguvu kuutoa. Nilidhani nitasikia uchungu zaidi ya hivyo. Zaidi nilisikia usingizi. Vipande vimekunjwa kabatini na mama yako ameshaanza kuviulizia, anasema vitafaa sketi ya kuvaa Limuru kwenye baridi. Pengine ana haki. Pengine sufu ile ilikuwa yake tangu mwanzo.

Usinielewe vibaya, sijabadili dini. Bado naamini kwamba nguo safi iliyonyooka ni salamu unayompa mtu kabla hujafungua mdomo. Mwanamke atakayetembea kutwa kwenye vumbi la Turkana kuja kwako na shida ya mtoto wake anastahili kukuta wakili aliyejiandaa kwa ajili yake. Sitaki umpokee na ndala. Ila nimefikiri zaidi ya hapo. Ukiwa umebanwa kiunoni na jasho linashuka mgongoni, masikio yako yatakuwa kwenye jasho. Atazungumza, nawe utakuwa unangoja amalize ili ufungue kifungo. Nimewaona mawakili wangu wakifanya hivyo kule chumbani kwangu mjini, wakiongea na wateja kwenye simu huku wanavuta kola. Hapo salamu yote imepotea.

Mipaka yake iko wapi, sijui. Kama ni shati au koti, viatu vya kufunika au kandambili za ngozi, nywele za kusuka au za kukata, mimi sitakuambia. Sijawahi kukaa mahali pa joto hata wiki moja. Utajua huko, na mwili wako utakuambia kabla ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa sisikilizi wangu. Nilipokuwa kijana nilivuka tope la Uthiru kwa viatu vya ngozi kwa sababu sikutaka watu wa mjini wanione na gambuti za mpira, nikafika kazini soksi zimelowa, nikakaa nazo hivyo hadi jioni. Kikohozi nilichokipata mwaka ule kinarudi kila baridi. Unakisikia. Mama yako alipita njia ile ile na gambuti, akafika Kangemi miguu mikavu, akabadilisha viatu nyuma ya meza yake ya mboga, na hakuna mteja aliyewahi kumdharau. Yule niliyemwita mchuuzi wa soko ndiye aliyekuwa anajua kuvaa katika nyumba hii.

Sasa ombi langu.

Kesho basi linaondoka saa mbili. Nitaamka mapema, nitawasha moto, nitaweka kiti hapa sebuleni. Nataka nikupime. Nataka nianze ukurasa mpya na jina lako kamili juu, na neno wakili mbele yake. Nitakupima umesimama, kisha umekaa, kisha umeinua mikono juu kabisa. Nitauliza kila mahali, hapa vipi, hapa je, nawe uniambie. Kisha nitakwenda kwa Mzee Shee nitafute pamba nyeusi nyepesi, nikushonee koti polepole na kulituma kwa basi. Likifika ulijaribu. Likikubana, lirudishe. Likikubana tena, lirudishe tena. Sina haraka. Na kama hutaki, sema hutaki, tunywe chai, nikubebee sanduku hadi kituoni na yaishe.

Lakini kuna la pili, na hili naomba usinikatalie.

Nataka kuja Lodwar. Desemba hivi, korti zikiwa bado hazijafungwa, nikae benchi la nyuma nikusikilize ukimtetea mtu. Nimefungua kabati langu leo nikaona sina hata nguo moja ya kuvaa kwenye jua. Zote ni suti, na zote nimejishonea kwa vipimo vya mwaka niliooa, kwa kuwa tangu wakati huo sijapimwa. Kinyozi hajinyoi. Fundi naye mgongo wake haufikii, na kiuno chake hukisoma anavyotaka. Sijui tena mimi ni mtu wa ukubwa gani.

Tepu unaijua. Ulikuwa ukinishikia ncha yake kabla hujajua kusoma namba. Kwa hiyo kesho nikimaliza kukupima wewe, ichukue mkononi mwangu, mimi nitakaa kwenye kiti, nawe unipime. Nitavua tai. Na ukifika mahali ambapo namba itakushtua, usipunguze, mama. Andika ile inayosomeka.

Baba yako